Makontena kumi na sita: kisa cha damu ya kitovu na familia moja ya Tabata

Kipeperushi kilikuwa mezani kabla sijakaa. Karatasi nzito inayong'aa, picha ya mtoto mchanga amelala kwenye kiganja cha mtu mzima, na chini yake maneno kwamba hii ni bima ambayo mzazi ana siku moja tu ya kuikata. Binti wa mama yangu mdogo, ambaye kwangu ni dada, alikuwa na mimba ya wiki 34. Mumewe, wakala wa forodha pale bandarini, alikuwa ameshapiga hesabu nyuma ya kipeperushi hichohicho kwa kalamu nyekundu: shilingi 6,900,000, kutunza miaka 20. Pembeni ameandika "kikoba" na alama ya kuuliza, na chini yake "kiwanja Chanika", bila alama ya kuuliza.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, upande wa damu, huu mwaka wa 14. Ndiyo maana niliitwa Tabata Jumapili ile. Katika ukoo wetu mtu akifanya kazi maabara anahesabiwa nusu daktari. Akikosea anarudi kuwa mpima mikojo.

"Kaka," dada akaanza, "hii damu ya kitovu tuitunze au tuitoe wapewe wengine? Yule dada wa kampuni alisema isipotunzwa wala kutolewa inatupwa kwenye ndoo, na kutupa ni kama dhambi."

Huyo dada wa kampuni aliwakuta kwenye darasa la wajawazito la hospitali binafsi wanakohudhuria kliniki. Alizungumza dakika ishirini na kugawa vipeperushi na juisi. Jambo moja hakuliuliza, na ndilo lililobadilisha kisa chote: kama nyumbani kuna mtoto mwingine, na ana hali gani.

Yupo. Mvulana wa miaka sita, kilo 18, ana sikoseli. Baba na mama wote wanabeba kinasaba kimoja kimoja, nao waligundua hivyo baada yake, kama wengi wetu. Anahudhuria kliniki ya selimundu, ndiyo hiyo sikoseli, Muhimbili na anatumia dawa ya haidroksiyurea tangu ana miaka mitatu. Amelazwa mara mbili, mara moja kwa maumivu ya mifupa yaliyogoma kutulia na mara nyingine kwa nimonia. Kipimo cha kasi ya damu kwenye mishipa ya kichwa, kile kinachowaonya madaktari kwamba mtoto yuko hatarini kupata kiharusi, kilikuwa kizuri. Kwa mgonjwa wa selimundu, huyo ni mtoto anayeendelea vizuri. Siku ile alikuwa chini ya meza anavuta waya wa chaja yangu.

Nianze na kutoa, maana ndiko kufupi. Hapa nchini hakuna benki ya umma inayopokea damu ya kitovu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama unachukua damu ya watu wazima, ya kuongezewa wagonjwa. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Damu ya kitovu inatakiwa kwa ajili ya seli shina zilizomo ndani yake, zile zinazotengeneza chembe zote za damu. Inatakiwa ikusanywe kwa mfuko maalumu, ifike maabara ndani ya siku moja au mbili, ihesabiwe seli, ipimwe maradhi, kisha igandishwe kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Anayesema "toeni" akiwa Dar es Salaam anazungumzia mlango ambao haujajengwa. Na inauma, kwa sababu damu yetu ndiyo inayokosekana kwenye benki za dunia. Kwenye daftari la Marekani la watoaji uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, mgonjwa mzungu ana nafasi kama 79 kwa 100 ya kupata mtoaji wa kufanana naye. Mgonjwa mweusi, kama 29. Mfuko mmoja wa kutoka Tabata ungekuwa na thamani huko. Lakini hakuna wa kuupokea, basi. Dada akatikisa kichwa, tukavuka.

Kutunza ndiko kuliko na mambo.

Yule wakala wa kampuni hakudanganya, na hili nililisema mbele ya shemeji kwa sababu alikuwa anasubiri nianze kwa kuwaita matapeli. Damu ya kitovu inatibu. Mwaka 1988, Paris, daktari Eliane Gluckman na wenzake walimpandikiza mvulana wa Kimarekani mwenye anemia ya Fanconi damu ya kitovu cha mdogo wake wa kike, akapona ule ugonjwa wa damu. Mwaka 1992 New York wakaanzisha benki ya umma. Leo maradhi yanayotibiwa kwa seli hizi yanapita 80, kama kipeperushi kilivyosema. Hila ilikuwa kwenye kilichoachwa: sehemu kubwa ya maradhi hayo hutibiwa kwa damu ya kitovu cha mtu *mwingine*.

Kipeperushi kilikuwa kinauza damu ya mtoto kwa ajili ya mtoto mwenyewe. Tulifanye jambo hili kwa mfano wa nyumba hii. Tuseme mtoto atakayezaliwa naye ana sikoseli. Seli zake za kitovu zina kinasaba kilekile. Ukizitunza miaka 20 halafu ukamrudishia, umemrudishia sikoseli yake mwenyewe iliyogandishwa. Tuseme hana, ila akiwa na miaka minne akapata saratani ya damu. Madaktari wengi hawatagusa ule mfuko, kwa sababu chembe zilizoanza kuharibika huenda zilikuwemo tangu kuzaliwa, na kwa sababu damu ya mtu mwingine husaidia kuisaka saratani iliyobaki, kazi ambayo damu yake mwenyewe haiiwezi. Makadirio ya mtoto kuja kuhitaji damu yake mwenyewe yanaanzia 1 kati ya 400 na kwenda hadi 1 kati ya 200,000. Mpishano mpana hivyo unatosha kukuonyesha jinsi matumizi yenyewe yalivyo machache. Kuhusu mtindio wa ubongo na usonji, ambavyo kipeperushi kiliviweka kwa herufi ndogo pamoja na neno "matumaini", hayo ni majaribio, bado si tiba.

Shemeji akauliza kama basi jibu ni hapana. Nikamwambia hapana bado, kwa sababu ya huyu aliye chini ya meza.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, ambacho kwa ujumla hakiwashauri wazazi kulipia benki binafsi, kinaacha mlango mmoja wazi: familia ambayo tayari ina mtoto mwenye ugonjwa unaotibika kwa kupandikizwa. Selimundu umo. Kwa maneno mengine, kampuni ilikuwa imeipata nyumba moja kati ya nyingi ambayo kweli ilikuwa na sababu, ikaenda kuiuzia sababu isiyo yake. Uingereza, familia ya namna hii ikipendekezwa na daktari wake hutunziwa na huduma ya damu ya serikali. Tabata, ni kiwanja cha Chanika.

Ushahidi wa tiba yenyewe ni mzuri. Uchunguzi uliochapishwa 2013 ulifuatilia wagonjwa 485 wa selimundu na wa thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, waliopandikizwa kutoka kwa ndugu zao wa damu waliofanana nao kamili. Kwa wenye selimundu, baada ya miaka sita, waliokuwa hai na bila ugonjwa walikuwa asilimia 92 kwa waliopewa uloto na asilimia 90 kwa waliopewa damu ya kitovu. Na siku hizi si lazima kwenda India. Muhimbili walianza kupandikiza uloto 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu 2023, wakitumia uloto wa ndugu zao. Shemeji hakuwa anajua hilo la Dodoma. Aliliandika.

Sasa, "waliofanana nao kamili" ndilo fungu la maneno linalobeba mzigo wote. Mwili hutambua chembe zake kwa alama ziitwazo HLA. Mtoto huchukua fungu moja la alama hizo kwa baba na moja kwa mama, kwa hiyo kati ya watoto wa baba mmoja mama mmoja, nafasi ya wawili kufanana kamili ni 1 kati ya 4. Halafu mtoaji asiwe na sikoseli mwenyewe. Wazazi wote wakibeba, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa, na 3 kati ya 4 ya asiye mgonjwa. Akiwa mbebaji kama wazazi wake haina neno, anafaa kutoa. Alama za HLA ziko kwenye kromosomu ya 6, kinasaba cha sikoseli kiko kwenye ya 11, kwa hiyo kila kimoja kinagawiwa kivyake.

Nikaomba ile kalamu nyekundu. Nikachora vyumba kumi na sita nyuma ya kipeperushi, nne kwa nne. Mstari mmoja wa kusimama ndio wa kufanana na kaka: vyumba vinne. Kati ya hivyo vinne, kimoja ni mtoto mwenye sikoseli. Vikabaki vitatu, nikavipaka rangi.

Shemeji aliviangalia kwa muda. "Makontena kumi na sita," akasema, "matatu ndiyo yana mzigo wangu."

"Ndiyo."

"Na nalipia kabla sijaona nyaraka."

Sijawahi kusikia daktari akieleza vizuri zaidi. Damu inakusanywa dakika ile mtoto anapozaliwa au haikusanywi kabisa. Majibu ya HLA yanakuja baadaye. Kama si yale matatu, mfuko unabaki kwenye naitrojeni ukimngoja mwenyewe, kwa zile nafasi za 1 kati ya 400 au 200,000.

Nikaongeza jambo ambalo kwangu ndilo lililokuwa zito kuliko hesabu. Hata kontena likiwa na mzigo, mzigo huo haupotei damu ya kitovu ikiachwa. Mtoto anayefanana na kaka yake anafanana naye kwenye damu ya kitovu, kwenye uloto, kwenye kila chembe, leo na akiwa na miaka kumi. Dodoma wanatumia uloto. Kwa hiyo swali la nyumba hii halikuwa kutunza au kupoteza tiba. Lilikuwa kama inafaa kulipa milioni karibu saba ili, kwa nafasi 3 kati ya 16, mdogo mtu asije akachomwa sindano ya nyonga ya kutolea uloto.

Mama mdogo, ambaye alikuwa ameshaleta chai na maandazi na kukaa kimya muda wote, hapo ndipo alipoingia. "Mwanangu, hiyo damu wanaichukua lini? Kabla ya kukata kitovu au baada?"

Ni swali la mtu aliyeshuhudia watoto wengi wakizaliwa Bagamoyo bila daktari. Mtoto akishatoka, kitovu hupiga kwa dakika kadhaa, na damu iliyo kwenye kondo inaendelea kumwingia. Shirika la Afya Duniani linataka kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita. Katika dakika hiyo ya kwanza mtoto aliyetimiza miezi hupokea takriban mililita 80, na kufikia dakika ya tatu zinakaribia 100. Mtoto wa kilo tatu ana damu isiyofika hata theluthi moja ya lita mwilini mwake kote, kwa hiyo hilo ni fungu kubwa. Madini ya chuma yaliyomo humo humsaidia kwa miezi sita ya kwanza, na hapa kwetu zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu.

Damu ya kampuni na damu ya mtoto, basi, ni ileile. Ukingoja dakika tatu, mfuko unapata masalia. Ukitaka mfuko ujae, unabana mapema. Maelekezo ya mkunga yaliyokuwa ndani ya boksi la kampuni yalisema kukusanya "hakuathiri mtoto". Hayakusema kubana saa ngapi. Kuna wanaojaribu kupita katikati, wangoje dakika moja kisha wakusanye kilichobaki, na mara nyingine kinatosha. Lakini kutosha kuna kipimo. Kiwango cha chini kinachotajwa mara nyingi ni seli milioni 25 kwa kila kilo ya mgonjwa, na kwa maradhi yasiyo saratani madaktari hupenda zaidi ya hapo. Kwa mvulana wa kilo 18 hizo ni seli milioni 450. Akifika kilo 40 ni bilioni moja, na mfuko mmoja wa kawaida unakuwa kwenye ukingo.

"Zamani," mama mdogo akasema, "kitovu hakiguswi mpaka kondo litoke." Hakuongeza kitu. Kwake ilikuwa imekwisha.

Kwangu haikuwa imekwisha, kwa sababu sikuwa nimesoma mkataba. Niliondoka nao. Kurasa kumi na moja, herufi ndogo, kwa Kiingereza, na maabara yenyewe iko Asia. Nilisoma usiku mzima wa Jumatatu. Ada hairudishwi seli zikionekana chache. Mteja atajulishwa na ataamua kama anataka kuendelea kutunza. Mzigo ukichelewa uwanja wa ndege, wajibu wa kampuni unaishia kwenye gharama ya boksi. Baada ya miaka 20 kuna ada nyingine "kwa bei ya wakati huo". Wakala wa Dar si sehemu ya mkataba. Anayesaini ni kampuni ya nje na mzazi. Na kampuni ikifungwa, sampuli zitahamishiwa "mtunzaji mwingine anayefaa". Hilo la mwisho si la kubuni. Mwaka 2019 kampuni moja kubwa ya Uswisi ilisimama, na sampuli za wateja wake zikahamishiwa Poland, wazazi wengine wakijua baada ya mambo kutokea. Kama ni bima, ni bima ya ajabu: unalipa yote mwanzoni, na mtoa bima ndiye anayeweza kutoweka.

Jumatano nilirudi Tabata na ushauri wangu, na nitauandika kama nilivyousema, si kama ningependa leo uwe.

Niliwaambia wasiuze kiwanja. Kabla ya kuamua lolote kuhusu kitovu, wamuulize daktari wa kliniki ya Muhimbili swali moja: je, mtoto huyu anafikiriwa kupandikizwa? Kama angekuwa ameshapata kiharusi, au kipimo cha kichwa kingekuwa kibaya, au analazwa kila mwezi licha ya dawa, ningesema kusanyeni hata kwa kukopa, ila kwa barua ya daktari na maabara ambayo hospitali ya kupandikiza inaikubali. Kupeleka mfuko kwa daktari ambaye hakuuomba ni sawa na kuleta spea ya gari usilolijua. Kama hafikiriwi kwa sasa, basi mtoto aachiwe damu yake, kitovu kibanwe baada ya dakika mbili au tatu, apimwe sikoseli mapema, na yeye na kaka yake wapimwe HLA kwa utulivu. Kipimo cha HLA cha watoto wawili ni sehemu ndogo sana ya milioni saba.

Daktari aliwajibu kwamba kwa sasa mtoto anaendelea vizuri na dawa, waendelee. Kupandikiza litakuwa jambo la kuzungumza baadaye. Dada akaamua. Shemeji alikubali kwa namna ya mtu anayekubali, huku kipeperushi akikirudisha kwenye droo badala ya kukitupa.

Nikiri jambo hapa, maana kisa kisicho na kosa la mwandishi huwa sikiamini. Nilikuwa nimeudhishwa na yule wakala, na hasira hiyo iliingia kwenye mizani. Mkataba mbaya wa kampuni moja nilifanya uonekane kama ubaya wa wazo zima. Kuna kampuni zenye vibali vya kimataifa na mikataba bora, na sikuwatafutia hata moja. Muda ulikuwepo, wiki tano.

Mtoto alizaliwa Alhamisi alfajiri, wa kike, kilo 3.1. Mkunga alingoja mpaka kitovu kikaacha kupiga. Dada anasema ndicho kipindi kirefu kuliko vyote vya uchungu, kungoja huku analiona titi lake linatafutwa. Kitovu kilipodondoka, siku ya saba, mama mdogo alikichukua na safari ya Bagamoyo ikafanyika wiki ileile, chini ya mnazi ambao vimezikwa vya mama yake na vyetu sote. Kuna aina ya kutunza ambayo haihitaji naitrojeni, na hiyo hatukuijadili.

Damu ya kumpima sikoseli niliichukua mwenyewe, kisiginoni, kwenye kadi. Watu huuliza kwa nini isichukuliwe kwenye kitovu papo hapo bila kumchoma. Inawezekana, ila ikichanganyika na damu ya mama majibu yanadanganya, na kwa nyumba hii sikutaka majibu ya kubahatisha. Majibu: mbebaji, kama wazazi wake. Vyumba vinne vya mtoto mwenye sikoseli vikafutika kwenye karatasi yetu.

HLA ilichukua muda, kwa sababu sampuli zilikwenda nje na kwa sababu, nadhani, hakuna aliyekuwa na haraka ya kujua. Vijiti vya kufuta ndani ya shavu, kimoja cha mvulana aliyecheka, kimoja cha mtoto wa miezi minne aliyejaribu kukila. Bahasha ilifika akiwa na miezi sita. Nilikuwa kazini shemeji aliponitumia picha ya karatasi, bila maneno. Nilizifuata safu mbili za namba kwa kidole, moja baada ya nyingine. Zilikuwa sawa mpaka chini.

Akapiga. "Shemeji. Lile kontena lilikuwa na mzigo."

"Lilikuwa nao."

"Na sisi tumeuacha."

Nilimwambia haujaachwa, upo, unatambaa sebuleni kwake. Ni kweli, na nilishaisema kabla. Lakini mbele ya majibu ilisikika tofauti. Damu ya kitovu ingemwokoa binti yake na nusu kaputi na sindano za nyonga. Ingeweza pia kupunguza hatari ya chembe za mtoaji kuushambulia mwili wa mgonjwa, jambo ambalo huonekana kidogo zaidi kwa damu ya kitovu. Kuna na la tatu, ambalo Jumatano ile sikulipa uzito wake: muda. Madaktari hawatoi kwa mtoaji zaidi ya mililita 20 hivi za uloto kwa kila kilo yake. Mtoto wa kilo saba hawezi kumtosha kaka wa kilo 18, na kaka anakua pia. Kwa hiyo tutangoja miaka, na ndani ya miaka hiyo mvulana anabeba ugonjwa ambao leo umetulia na kesho hauna ahadi. Mimi nilihesabu nafasi ya kufanana. Gharama ya kungoja sikuihesabu. Bado nadhani milioni saba, kwa mkataba ule, ilikuwa bei mbaya ya nafasi 3 kati ya 16. Ila nimeacha kusema kwamba hawakupoteza kitu.

Shemeji hakunilaumu, na afadhali angelaumu. Aliuliza tu kama ataumia, yule mdogo, siku ikifika. Nikamwambia siku chache, maumivu ya mtu aliyeanguka na kukaa vibaya, na dawa zipo, na uloto unajirudisha wenyewe ndani ya wiki kadhaa. Nyuma ya simu nikamsikia dada akisema kwamba mtoto hakuombwa. Hilo sikuwa na jibu lake la kimaabara. Hospitali zinazofanya kazi hii huwa na mtu wa kumtetea mtoaji mdogo, asiyekuwa daktari wa mgonjwa, na nikawaambia wamwulizie mtu huyo kabla ya kuuliza gharama.

Kliniki ya Muhimbili imeandika rufaa. Miadi ya Dodoma ni mwezi ujao, kwa mazungumzo tu. Kipimo cha mishipa ya kichwa kimerudiwa na bado ni kizuri. Nimeombwa niandae maswali ya kumuuliza daktari, na nimefungua ukurasa, lakini la kwanza nimekuta limeshaandikwa, kwa mwandiko wa dada, nyuma ya kile kipeperushi, chini ya vyumba kumi na sita: afikishe kilo ngapi?